Je, baba asiyetofautisha rangi humrithisha mwanawe wa kiume?

Fundi wa Umeme:
Wanajamvi, salaam. Tangu utotoni sitofautishi vizuri nyekundu na kijani, na kazini hulazimika kumwomba msaidizi anithibitishie rangi za nyaya kabla sijaziunga. Baba yangu huona rangi zote bila shida, lakini mjomba wangu, kaka yake mama, yuko kama mimi. Nina binti, na sasa nimejaliwa mtoto wa kiume ambaye kila amwonaye husema ni mimi mtupu. Je, atarithi na macho yangu?

Mwalimu wa Baiolojia:
Hongera, ndugu. Kwako wewe hawezi kuirithi hali hiyo. Kila mtoto hupokea kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni (maelekezo ya urithi), 23 kwa baba na 23 kwa mama. Katika hizo, ile ya jinsia kutoka kwa mama huwa ni X, ilhali baba hutoa X akizaliwa binti na Y akizaliwa mwana. Jeni za kutambua nyekundu na kijani zimo katika X, na mwanao X yake ameipata kwa mama yake tu. Sura ni jambo jingine, kwani jeni zake zimetawanyika katika kromosomu nyingi. Wewe nawe ulipewa X na mama yako, ndiyo maana unafanana na mjomba badala ya baba.

Mkunga Mstaafu:
Mwalimu amesema kweli, ila mwanangu usitulie mno. Ikiwa mkeo amebeba jeni hiyo bila kujua, kijana anaweza kuipata kwake, kwa uwezekano wa nusu. Ulizia habari za shemeji zako wa kiume. Bintiyo ndiye wa kufikiriwa zaidi, kwa kuwa X yako anayo kwa hakika: huenda akaona rangi vizuri maisha yake yote, kisha kila mtoto wa kiume atakayemzaa awe na uwezekano wa nusu wa kuwa kama babu yake. Himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hupita njia hiyohiyo. Selimundu, ambayo wengi huichanganya na hizi, haimo humo, kwani mgonjwa huwa amerithi jeni yenye kasoro kwa wazazi wote wawili.

Fundi wa Umeme:
Ahsanteni. Basi ni kipi nilichompa mwanangu ambacho dada yake hana?

Mwalimu wa Baiolojia:
Ni Y yenyewe, ambayo ina jeni chache. Maarufu zaidi ni SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo huanzisha uundwaji wa korodani mimba ikiwa changa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Y hupita kwa mwana karibu bila kubadilika, wataalamu huitumia kufuatilia ukoo wa kiumeni. Utafiti wa mwaka 2023 kuhusu mifupa ya kale ya miji ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa na Manda, ulionyesha kwamba wanaume wengi waliopimwa walikuwa na Y zenye asili ya Asia ya Magharibi, ilhali vinasaba vya upande wa mama vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika.