Kokwa za maembe na mbegu za pasheni zinazobaki baada ya kukamua juisi: je, zinafaa kwa vipodozi?

Swali (mwenye karakana ya juisi, Muheza)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina karakana ndogo ya juisi, na wakati wa msimu tunakamua maembe, pasheni na machungwa. Kila jioni hubaki rundo la maganda, kokwa na mbegu, ambalo kwa sasa ninamlipa mwenye mkokoteni alipeleke jalalani. Nimesikia kwamba kiini cha kokwa ya embe hutoa mafuta ya mgando ya kupaka mwilini ambayo huuzwa kwa bei nzuri. Ninayo mashine ya kukamulia alizeti. Je, nikipitisha viini hivyo humo nitapata mafuta ya kutosha? Vilevile, maganda ya machungwa yakikaushwa na kusagwa, yanaweza kutiwa kwenye krimu ya uso?

Jibu la kwanza (mkamuaji wa alizeti, Singida)

Mafuta yamo, lakini mashine yako itakuvunja moyo. Mbegu ya alizeti huwa na mafuta yanayokaribia asilimia 40, ilhali kiini kikavu cha embe kina takriban asilimia 7 hadi 13 tu, na kwa kuwa mashine ndogo huacha asilimia kadhaa ndani ya mashudu, sehemu kubwa ya hayo machache itabaki humo humo. Viwanda vikubwa huyatoa kwa kemikali ya kuyeyushia mafuta, kazi ambayo kwa sababu ya hatari ya moto sikushauri kuijaribu uani. Ningekuwa wewe ningeanza na pasheni: mbegu zake huwa na mafuta zaidi ya asilimia 20, nawe unazo tayari. Zioshe hadi ute wote utoke, zikauke kabisa, ndipo uzikamue. Mafuta yake ni mepesi na hayaachi ngozi ikinata, ila huchacha upesi, kwa hiyo yahifadhi gizani katika chupa zilizojaa.

Jibu la pili (mtengenezaji wa sabuni na losheni, Mombasa)

Nakubaliana na ndugu wa Singida kuhusu mashine, lakini kokwa usizitupe. Mafuta ya embe yana asidi ya steariki na ya oleiki kwa wingi, ndiyo maana hukaa yameganda chomboni na kuyeyuka yanapogusa mwili, na wengi wetu tungeyatumia badala ya siagi ya kakao. Unachoweza kuuza ni viini vikavu. Shida ni kwamba kiini kibichi kinakaribia kuwa nusu maji, na kikilala usiku mmoja kwenye gunia huanza kuota ukungu na mafuta yake kuharibika. Pasua kokwa siku ile ile, kata viini vipande vyembamba, vichemshe kidogo, kisha uvianike.

Kuhusu unga wa maganda, hapana. Unga huo hubeba vijidudu, na ukiingia kwenye krimu yenye maji huvilisha, hata kihifadhi kikazidiwa. Weka unga huo katika sabuni ya mche, ambayo haina maji mengi. Kinachofaa kutolewa kwenye ganda bichi la chungwa ni mafuta ya harufu, kwa kulichemsha na kukusanya mvuke wake. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonini, ambayo ikikaa na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa kitu kinachowasha ngozi. Ganda la embe nalo liache: mwembe ni ndugu wa mkorosho, na waliowahi kubangua korosho wanajua utomvu wa ukoo huo unavyochoma.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Je, nikikamua mafuta ya pasheni pekee na kuyauza kwenye chupa ndogo bila kuchanganya na kitu chochote, bado nahitaji kibali?

Jibu la tatu (mshauri wa wajasiriamali, Tanga)

Ukiyauza kama mafuta ya kupaka, hicho ni kipodozi, hata kama hujachanganya kitu. Tangu mwaka 2019 shughuli za vipodozi zilihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na husajiliwa bidhaa pamoja na jengo. Karakana ya juisi na chumba cha mafuta viwe vyumba tofauti. Litazame hilo kabla hujanunua chupa. Ukiwauzia watengenezaji malighafi kwa madumu, waulize wenyewe wanataka vipimo gani, maana karibu wote watauliza kiwango cha uchachu wa mafuta na unyevu.