Kontroli za aisotaipu "zilizozimwa Fc": kama mutesheni ni siri ya kampuni, sisi tunalinganisha nini na nini?

Wakuu, salamu baadaye. Nina la moyoni, na walio maabara watanielewa haraka.

Tunafanya kazi na kingamwili za malaria. Tunayo moja ya IgG1 ya binadamu inayoshika CSP, ile protini iliyomfunika sporozoiti, yaani kimelea cha malaria kinachoingizwa na mbu. Swali letu ni dogo tu: mkia wake, yaani Fc, unasaidia seli kummeza kimelea, au kazi yote inafanywa na mikono inayoshika? Kulijibu unatengeneza matoleo mawili, moja lenye Fc nzima na jingine ambalo Fc yake imezimwa. Kila toleo linahitaji kontroli yake: aisotaipu ileile (yaani aina ileile ya kingamwili, kama IgG1), mkia uleule, ila mikono isiyoshika chochote kwenye sampuli. Bila hiyo huwezi kujua ulichokiona kimeletwa na CSP au ni mkia tu umenasa kwenye vipokezi vya Fc.

Toleo letu lililozimwa ni LALA-PG, yaani asidi amino tatu za Fc zimebadilishwa: L234A, L235A na P329G. Kwenye oda tuliandika hivyo, herufi kwa herufi. Kilichokuja ni kichupa chenye maneno "IgG1 ya binadamu, Fc imezimwa", namba ya loti, tarehe ya kuisha muda, basi. Karatasi ya maelezo imerudia maneno yaleyale, tofauti ni nembo ya rangi.

Tukaijaribu kwenye seli za THP-1 (za aina ya monosaiti), ambazo mnajua zimebeba vipokezi vya Fc, CD64 na CD32, vya kutosha. Hiyo inayoitwa imezimwa ikawaka kwenye mashine ya kupima mng'ao wa seli! Kilele cha histogramu kimehamia kulia, wala huhitaji takwimu kukiona. LALA-PG yetu, seli zilezile, siku ileile, imetulia kushoto pamoja na seli ambazo hazikupakwa kitu. Nikawaandikia: mmebadilisha asidi amino zipi? Jibu likaja kwa upole mwingi kwamba taarifa za mfuatano ni siri ya kampuni.

Siri ya nini? Mutesheni hizi zimeandikwa kwenye majarida miaka na miaka. Na kuzima Fc hakuko kwa namna moja. LALA peke yake (L234A na L235A) inapunguza sana lakini inaacha mnato kidogo kwenye vipokezi. N297A inaondoa sukari ya Fc, na bado CD64 inaweza kuishika kiasi. Ukiongeza P329G juu ya LALA ndipo unamaliza, na C1q, protini inayowasha mfumo wa komplimenti wa kinga, nayo inakosa pa kushika. Kwa hiyo ukiniuzia "imezimwa" bila kusema umeizima vipi, hujaniuzia kontroli, umeniuzia protini nyingine ya kuchunguza. Wenye kingamwili za LS, kama ile CIS43LS iliyojaribiwa Mali, wana shida hiyohiyo kwa upande wa pili: M428L na N434S zinaifanya ikae damuni muda mrefu. Mpe panya mwenye FcRn ya binadamu (kipokezi kinachokinga kingamwili zisivunjwe) kontroli isiyo na LS, itatoweka mapema, halafu utalinganisha mnyama mwenye kingamwili na mnyama asiye na kitu.

Sasa subirini mbadala tulioletewa na wakala. IgG ya jumla, iliyochujwa kwenye plasma ya wachangiaji wengi. "Hii nayo ni IgG, bosi, kazi ni moja." Jamani! Humo ndani kuna IgG1 hadi IgG4, na kingamwili za kila kirusi na kila chanjo ambayo wachangiaji hao wamewahi kukutana nayo. Ikitokea plasma imetoka kwenye ukanda wenye malaria, kontroli yangu inashika CSP. Huyo ni shahidi wa upande wa pili umempa kiti cha hakimu.

Kabla hamjaniambia nirudi kwenye za zamani: hapana. MOPC-21, IgG1 ya panya ambayo wengi wameizoea, ilitoka kwenye uvimbe wa panya aliyechomwa mafuta ya madini, na ilichukuliwa kuwa kontroli kwa sababu hakuna aliyejua inashika nini. Zilizoundwa kwa rekombinanti, yaani kutoka jeni iliyopachikwa kwenye seli, ni bora kuliko hizo, mikono yake inajulikana, mfuatano unajulikana. Hicho ndicho kinachoniudhi: bidhaa inasifiwa kwa kuwa mfuatano wake unajulikana, halafu mnunuzi haonyeshwi.

Kuna na madogo yanayoua majaribio kimyakimya. Idadi ya molekuli za rangi kwa kila kingamwili: yetu ikiwa na 3 na kontroli ina 7, hata bila kushika kitu chochote zaidi itang'aa. Endotoksini, sumu ya bakteria: monosaiti zinatoa TNF na IL-6, ishara za uvimbe, kwa chembe kidogo mno, utadhani ni Fc. Sodiamu azaidi, kihifadhi kinachoua seli, ndani ya kichupa cha kuwekea seli hai! Na boksi likikaa uwanja wa ndege mpaka barafu kavu ikaisha, protini inaganda na kuyeyuka hadi kujikusanya mabonge, na mabonge yananasa kwenye CD32 vizuri sana.

Na nyie wahakiki mnaodai kontroli ya aisotaipu ichore mpaka wa chanya na hasi, mpaka unachorwa kwa FMO, yaani sampuli iliyopakwa rangi zote isipokuwa ile moja unayoipima. Tusichoshane.

Sisi tumeamua kuachana nao. Tunachukua mikono inayoshika lisozimu ya yai la kuku, tunaipachika kwenye plasmidi yetu yenye Fc ileile, tunazalisha kwenye seli za binadamu za HEK293 zilezile ili hata fukosi kwenye sukari zisitofautiane. (Kama protini yenu mmeitoa kwenye bakteria waliopasuliwa kwa lisozimu hiyohiyo, tafuteni mikono mingine.) Aliyefanya hivi aseme endotoksini anaiondoaje bila kupoteza nusu ya protini. Na atakayekuja kuniambia "badilisheni msambazaji" aweke hapa karatasi ya msambazaji wake, yenye mutesheni zimeandikwa kwa namba.