Nimelipa 29,520 kula sabuni ya mche juu ya mkate. Migahawa ya Dar, parachichi limewakosea nini?

Wakuu,

Hasira nimelala nazo na nimeamka nazo, kwa hiyo mnivumilie.

Jana Jumamosi nilikuwa na miadi na mteja maeneo ya Masaki, saa tatu asubuhi. Nimeshafika, mteja anapiga simu: kakwama, haji tena. Njaa inauma, mgahawa uko mbele yangu, nikasema leo na mimi nijitoe ushamba. Jina silitaji, sitaki kuitwa mahakamani kwa ajili ya tunda. Kwenye menyu kuna picha ya tosti ya parachichi na mayai: slesi imechomwa hadi rangi ya asali, parachichi limepondwa laini, juu yake mayai mawili, moja limepasuliwa kiini kinachuruzika hadi kwenye sahani. Bei 18,000. Nikameza mate, nikaagiza, na kahawa ya 6,000.

Nimekaa dakika hamsini. Kuna familia ilinikuta pale, ikala, watoto wakagombana, wakapatanishwa, wakaondoka. Mimi nasubiri mkate.

Sahani ikaja. Wakuu, parachichi lilikuwa limekatwa vipande vyembamba, vimepangwa vizuri kama kadi, na kila kipande kigumu kama sabuni ya mche. Sitanii. Nimechoma uma, kipande kikateleza kikaenda kutua karibu na kahawa. Mkate chini mweusi, katikati umelowa maji ya mayai, maana wameyatoa kwenye maji wakayaweka juu bila kuyachuja. Na mayai yenyewe yamechemshwa mpaka kiini kimezungukwa na ile duara ya kijivu. Yule kijana anayepita na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari na chumvi kwenye kikopo hawezi kukuuzia yai la namna hiyo, maana anajua kesho atapita tena mtaa uleule.

Nikamwita mhudumu kwa upole. "Dada, hili parachichi ni bichi." Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya kumwonea mtu wa bara aliyeshuka basi leo. "Hapana kaka, hili ni la kisasa, hili linaliwa hivihivi likiwa kavu."

Mimi nimezaliwa Tukuyu! Rungwe! Nimekulia chini ya mparachichi, na nimepigwa na bibi kwa kuangusha maparachichi kabla ya wakati. Kwetu zamani, kabla hayo ya aina ya Hass hayajaanza kutafutwa na wanunuzi wa nje, yalikuwa yanadondoka tunashindwa kuyamaliza, mengine tunamwagia nguruwe. Na nguruwe wa bibi, Mungu anisamehe, likiwa gumu alikuwa analisukuma kwa pua na kuliacha. Leo napewa somo la parachichi na mtu wa Masaki.

Nikaomba kuongea na mpishi. Akatoka, kijana mstaarabu tu, akasema, "Bosi, huwa yanakuja magumu, tunayaweka kwenye friji yasiharibike." Hapo ndipo nilipoelewa tatizo lote. Parachichi haliivii mtini. Linakomaa mtini, linaiva baada ya kuchumwa. Ukilichukua bado gumu ukalitia kwenye baridi, umelisimamisha palepale. Ni sawa na kumweka kuku kwenye barafu halafu ushangae mbona hatagi. Friji ni ya parachichi lililokwisha kuiva, ili likusubiri siku mbili tatu zaidi. Na kama muuzaji wao anawaletea yaliyochumwa machanga, hayo ndiyo msiba kabisa, hayataiva milele: yatasinyaa ganda na ndani yatakuwa kama kandambili.

Ngojeni, sijamaliza. Yule kijana akasema, "Nipe, nikulainishie." Nikadhani anaenda kunibadilishia. Kumbe kalipasha kwenye maikrowevu! Limerudi la moto, limelainika nusu, na chungu! Anayebisha alipashe moto parachichi bichi leo nyumbani kwake, aonje, arudi hapa.

Risiti ikaja: 24,000, ongeza VAT asilimia 18, yaani 4,320, ongeza "huduma" asilimia 5, 1,200. Jumla 29,520. Huduma! Hiyo 1,200 ndiyo imeniuma kuliko zote. Nimelipa kwa simu, nikatoka, nikanunua mahindi mawili ya kuchoma barabarani, nikala nimesimama.

Leo asubuhi kwa hasira nimetengeneza mwenyewe. Parachichi 1,000, mayai mawili 800, mkate mzima wa slesi 2,000, ndimu 200. Elfu nne, na mkate umebaki wa kunywea chai hadi Jumatano.

Na si uchawi. Parachichi nilikuwa nalo tangu Alhamisi, nimeliviringisha kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, nikaliweka juu ya kabati. Ndizi ikiiva inatoa hewa inayomharakisha na jirani yake kuiva. Siku mbili tatu limekuwa tayari. Hass linakuambia lenyewe: ganda linatoka kijani linakwenda zambarau mpaka karibu na weusi. Haya yetu mengine ya ganda la kijani hayabadiliki rangi, hayo unayabonyeza taratibu karibu na kikonyo kwa kiganja, si kwa kidole gumba, wauzaji wa sokoni wana haki ya kukuchukia ukitoboa mali yao.

Mkate nimeuchoma kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, pande zote mbili mpaka ukauke, usije ukalowa. Mayai nimeyatumbukiza kwenye maji yanayochemka, dakika sita na nusu kwa saa ya simu, kisha moja kwa moja kwenye maji ya baridi. Ute umeshika, kiini kinatembea. Parachichi nimeliponda kwa uma, libaki na mabongemabonge kidogo, chumvi, ndimu (inachelewesha ule weusi), na pilipili mbuzi nimeipitisha tu, sikuikata yote. Unapaka dakika ya mwisho. Ukipaka mapema halafu ukaenda kujibu meseji, umekula uji.

Kuna jamaa yangu nimemtumia picha akaniambia nisilalamike, hicho ni chakula cha matajiri. Nikacheka. Mwaka 2017 tajiri mmoja wa majumba wa Australia, Tim Gurner, aliwasema vijana wa kwao, kwamba yeye alipokuwa anatafuta nyumba yake ya kwanza hakuwa akinunua parachichi la kupondwa la dola 19. Alitukanwa dunia nzima. Lakini mnaona? La kupondwa! Wenzetu angalau walipondewa.

Sisi tunalo Rungwe, tunalo Njombe, tunalo Kilimanjaro. Linapakiwa kwa ustadi kwenye makontena ya baridi, linasafiri wiki kadhaa baharini, na Mzungu analila limeiva. Kutoka Tukuyu mpaka Dar ni safari ya basi, linatufikia jiwe.

NYONGEZA, Jumatatu jioni:

Wanaosema "masikini rudi kwenye mihogo": mihogo naila, na sijawahi kuletewa mihogo mibichi nikaambiwa ni ya kisasa.

Aliyeuliza kwa nini nililipa badala ya kugoma: mkuu, mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye mwili wa friji, na mimi nilikuwa na njaa.

Dada mmoja kaniuliza kama yai la kukaanga linafaa. Linafaa sana, dada yangu, hata mimi siku za kazi nakaanga. Usiligeuze tu.

Halafu kubwa zaidi. Sijui nani kawapelekea uzi huu, au waliukuta wenyewe wakaitambua hiyo 29,520, maana meneja wa mgahawa kanipigia leo mchana. Namba kaitoa kwenye muamala. Kaomba radhi vizuri tu, akasema nirudi nile tena bila malipo, niwaonyeshe kama nimeridhika. Nikamuuliza maparachichi waliyonayo yakoje. Akasema yale wameyatupa, mzigo mpya unaingia kesho saa mbili asubuhi, kwa hiyo nije kesho hiyohiyo saa tatu.

Nikamwambia asante kaka, niwekee meza Ijumaa.

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Ijumaa tena bosi? Si nimekwambia yanaingia kesho?"