Kebo ya njia mbili mikoani: biashara au kaburi?

Nguzo ya Kona
Wakuu, salaam. Wenye kebo mikoani wanashawishiana wageuze mitandao yao iwe ya njia mbili: mteja aagize filamu kwa rimoti, apige kura, na juu yake apate intaneti kwa waya uleule. Tuchukulie nyumba 1,000 kwa ada ya 15,000: milioni 15 kwa mwezi. Mmoja kati ya watano akichukua intaneti ya 50,000, inaongezeka milioni 10. Mtaji utarudi, au ndiyo tunajichimbia kaburi? Tiririkeni.

Desibeli
Mkuu umehesabu mapato, matumizi umeyaacha mlangoni. Hao 200, saa tatu usiku, weka Mbps 2 kwa kila mmoja: unanunua Mbps 400 za jumla kila mwezi, mvua jua. Kabla ya hapo kila amplifaya (kikuza mawimbi) ya nguzoni isiyo na moduli ya kurudi, yaani ya kupitisha mawimbi kutoka nyumbani hadi kituoni, ibadilishwe. Kurudi kunatumia megahezi 5 hadi 65, na huko chini ndiko takataka zote zinakoingia: redio za masafa mafupi, mashine ya kuchomelea, blenda ya jirani. Kelele za nyumba 500 zinamiminika kwenye mfereji mmoja, kwa hiyo konekta moja iliyolegea inaukatia mtaa mzima. Na mafundi wa kebo tunawajua, waya wanamenya kwa meno.

Koleo
Kwa meno! Punguza dharau. RG-6, huo waya wa koaksi unaoingia nyumbani, inamenywa kwa kifaa cha nyembe mbili: milimita 6 za waya wa kati ukiwa mtupu, nyingine 6 za wavu unaokunjwa nyuma juu ya ganda. Plastiki nyeupe ikae sawa na sakafu ya konekta, waya wa kati uchungulie nje ya mdomo milimita 2 au 3. Ukipungua haugusi, ukizidi unatanua tundu la king'amuzi. Kisha unashindilia kwa koleo lake. Meno yanaingia wapi hapo?

Kibiriti
Kwani meno yana kosa gani? Wembe butu ndio adui. Waya wa kati wa RG-6 nyingi ni chuma kilichovikwa shaba, na masafa yanapita kwenye hiyo ngozi ya nje. Ukiikwaruza, kutu inaanzia hapo, na ukanda wa pwani chumvi inamalizia. Meno angalau hayakwaruzi 😂

Bi Daftari
Mkimaliza habari za meno, kuna waliotangulia. Warner walifungua Qube kule Columbus, Ohio, 1977. Rimoti ilikuwa na vitufe vitano vya kujibia, na kompyuta ya kituoni ilipita kuziuliza nyumba kila baada ya sekunde chache. Ikafungwa 1980. Time Warner wakarudia Orlando mwishoni mwa 1994, wakilenga nyumba 4,000, king'amuzi chenyewe ni kompyuta kamili. 1997 wakatangaza wanafunga. Sanduku la kila nyumba lilikuwa ghali kuliko alichokuwa tayari kulipa mwenye nyumba. Sisi njia ya kurudi mteja anayo mfukoni: simu. Analipia filamu kwa M-Pesa, chumba cha mitambo kinatuma amri ya kufungua kadi yake, inashuka kwa njia moja ileile ya siku zote. Hakuna amplifaya inayoguswa.

Desibeli
Qube ilifungwa 1984, bibie. Historia tusiipike.

Bi Daftari
1984, nimekubali. Na hoja je?

Koleo
Hoja ni kwamba mtu katukana mafundi na bado hajaomba radhi.

Nguzo ya Kona
Jamani, mtaji! Au tuache koaksi, twende faiba moja kwa moja?

Kibiriti
Faiba. Bandari moja ya GPON (faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi), spilita, yaani kigawanyaji, ya 1 kwa 32 inakula kama desibeli 17 za nguvu ya mawimbi. Bajeti ya upotevu ni 28, kwa hiyo 11 zinabaki kwa umbali, maungio na uzembe. Picha za TV unazipandisha humohumo kwa nanomita 1550. Halafu kuna jambo hamjaligusa: umeme. Mteja wa TV, umeme ukikatika mtaani na yeye yuko gizani, hajui kama amplifaya zako zimezima. Muuzie intaneti: ana betri ya sola, ana laptopu, dakika ya pili anapiga simu. Kwenye koaksi kila kifaa kinacholisha amplifaya umeme kitataka betri zake. GPON haina kitu cha kuwasha kati ya kituo na nyumba.

Desibeli
Koaksi ya nguzoni bado ina maisha. Ugonjwa uko sebuleni. Spilita ya njia nne inakula desibeli 7. Weka mbili mfululizo, modemu inalazimika kupaza sauti kwa desibeli 14 zaidi ili isikike kituoni, nguvu yake ikivuka 50 (dBmV) inakaribia dari, haina pa kupanda. Matundu matupu ya spilita yazibwe kwa kizibo cha omu 75. Nyumba isiyochukua intaneti ifungiwe kichujio cha kuzuia masafa ya chini palepale kwenye tapu ya nguzo, pale waya wa nyumba unapochomekwa, kelele zake ziishie huko. Ukiwinda kelele, kata tawi moja moja kuanzia kituoni, usianze kugonga milango.

Bi Daftari
Na waya wa ndani analipia nani? Mwenye nyumba, mpangaji au mwenye kebo? Kwenye ile milioni 10 sijauona.

Nguzo ya Kona
Mpangaji hawezi kukubali.

Koleo
Vizibo vya omu 75, vichujio nguzoni, spilita za sebuleni… mlango kwa mlango nyumba 1,000. Kazi hiyo ataifanya nani, Desibeli, kama si huyo wa meno?

Desibeli
Haya, radhi. Lakini konekta za kuzungusha kwa mkono bado nazikataa.

Koleo
Nani kakuambia tunazitumia?