Tupeane uzoefu: maji yanayojificha kwenye buti ya gari la zamani

Kisauni110
Assalaam aleikum ndugu zangu. Masika yamebisha hodi, na najua wengi humu mna magari ya umri wa langu. Aliyewahi kukuta maji kwenye buti aeleze yalipitia wapi na aliyazuia vipi. Naanza mimi.

Langu ni Toyota Corolla 110, nimeachiwa na baba. Mwezi wa Mei mwaka jana nilipata pancha Bombolulu, jioni, mvua inapiga. Kuinua kapeti ya buti, spea imelala ndani ya maji na jeki imeshika kutu hata haizunguki. Kumbe ule uvundo niliokuwa nikiusingizia viatu vya watoto, na vioo kuingia ukungu kila alfajiri, vyote chanzo chake ni pale.

Fundi wa kwanza aliitazama raba ya buti, akasema imechoka, akapaka silikoni kuizunguka yote. Mvua iliyofuata, maji yale yale. Nikarudi, akapaka tena. Mara ya tatu nikaona nitafute mwenyewe, maana nilikuwa nikilipia kuziba tundu ambalo hakuna aliyeliona.

Nilitoa kila kitu, kapeti, spea na plastiki za pembeni, mpaka bati likabaki tupu. Nikalikausha kwa matambara, nikaacha buti wazi juani kutwa nzima. Kisha nikanyunyiza poda ya mtoto kwenye viungio vyote vya bati, chini ya taa na kando ya raba. Mpwa wangu akashika mpira wa maji. Tulianza chini kwenye bampa, tukafungua, nikamulika kwa tochi: poda kavu. Taa ya kulia, kavu. Taa ya kushoto, hata dakika mbili hazikutimia, mchirizi mwembamba kama uzi ulikuwa umeipasua poda. Unatoka kwenye skrubu ya taa, unateremka nyuma ya ile plastiki, unafuata kiungio cha bati hadi shimo la spea, unakwenda kutulia upande wa kulia. Maji yanaingia kushoto, yanalala kulia! Na ile raba iliyopakwa mara mbili haikuwa na kosa lolote.

Nilipoing'oa taa, sponji ya nyuma yake ilinivunjikia mkononi kama mkate wa juzi. Nikasugua pale inapokaa hadi pakawa safi, nikazungushia utepe wa butili, ule mweusi unaonata, nikakaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, plastiki isije ikapasuka. Vuli yote iliyopita buti ilikuwa kavu.

Leso_za_Biashara_Street
Waaleikum salaam kaka. Mimi nauza leso, na gari langu ndiyo stoo yangu. Ni Mazda Demio. Mkasa wangu ulinipata mwezi wa Februari, kaskazi kavu, hakuna hata tone la mvua. Nilipeleka mzigo kwa mteja Mtwapa, kufungua bunda la chini, leso nyekundu imetoa rangi ikaingia kwenye nyeupe. Jozi nane hazikuuzika. Nililia palepale, sioni haya kusema.

Kila niliyemuuliza alinitajia raba ya mlango. Lakini mimi niliinusa ile leso, ikanukia sabuni. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi yake nilirusha maji ya kuoshea kioo cha nyuma, na yalitoka kwa unyonge. Ule mpira mdogo wa maji unatoka mbele kwenye tangi, unapita ndani ya gari mpaka mlango wa nyuma, na unapojikunja karibu na bawaba ndipo ulipokatika. Kila nikiosha kioo, nusu ya maji yanamwagika ndani. Fundi aliuunga kwa kiungio cha plastiki, kazi ya nusu saa. Basi wenye magari ya mlango wa nyuma, ukiona maji na mvua haijanyesha, tazama hapo kwanza.

Dereva_Changamwe
Langu la teksi lilikuwa halivuji kwa waosha magari hata wamwage pipa zima. Lakini nikipita barabara iliyojaa maji, buti inalowa. Hiyo ndiyo iliyonipa jibu: maji yanatoka chini, yanarushwa na tairi.

Miaka miwili kabla niligongwa nyuma, gereji moja ikanyoosha na kuchomelea bati. Juu rangi inang'aa. Chini, ndani ya matao ya tairi, kiungio walikiacha wazi, wakapitisha rangi juu yake, basi. Hili limenikera kuliko gharama yenyewe, kwa sababu mteja hawezi kupaona na wao wanajua. Ilibidi kukwangua kutu yote, kupaka dawa ya kutu, kisha silanti ya viungio, ndipo rangi.

Jomvu_kwetu
Mimi nilitoboa matundu mawili chini ya spea, maji yakija yanatoka yenyewe. Sijasumbuka tena.

Fundi_bodi_Mwembe_Tayari
Ndugu wa Jomvu, nakuomba kwa heshima uyazibe. Bati lililotobolewa halina rangi ukingoni, na hewa yetu ya chumvi hapa pwani hailiachi hata msimu mmoja. Kubwa zaidi, moshi wa ekzosi unapandia hapo na kuingia mnamokaa watu. Magari mengi yana kizibo cha raba kwenye shimo la spea. Kitoe ukikausha, ukimaliza kirudishe.

Kuhusu silikoni: ile inayonuka siki ikikauka inakula bati tupu. Usiiweke penye mkwaruzo au kutu. Na usizibe chochote kabla hujaona maji yanapopenya, kwa sababu ukiziba kwa kubahatisha unahamisha njia tu, na atakayekuja baada yako hatajua aanzie wapi.

Alivyofanya Kisauni110, kuanza chini na kupanda juu, ndivyo inavyotakiwa. Ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hujui lipi ni lipi. Raba ipime kwa karatasi: funga buti juu yake, vuta. Ikichomoka bila kukaza, raba imelala hapo, au mfuniko haukai sawa. Halafu kuna matundu ya hewa yaliyofichwa nyuma ya bampa. Wengi hawajui kama yapo. Raba zake zikikakamaa maji yanapita, lakini matundu hayo hayazibwi, raba ndizo zinazobadilishwa, maana matundu ndiyo yanayotoa hewa gari linapofungwa.

Mkaazi_wa_Tudor
Mercedes ya zamani, yenye dirisha la paani. Naegesha chini ya mwarobaini. Maua na vijani vyake vilijaa kwenye vimifereji vya dirisha, maji yakafurika, yakateremkia nguzo ya nyuma hadi kwenye buti. Nilisafisha kwa mshipi mnene wa kuvulia samaki, nikiusukuma polepole mpaka maji yakatoka chini ya gari. Niliambiwa nisipulize kwa kompresa, mpira usije ukachomoka kwenye kiungio chake ndani, na niliona maana yake. Sasa napitisha mshipi kila baada ya miezi mitatu. Ule mti siukati, ulipandwa na bibi.

Mikindani_B15
Nissan Sunny B15. Nikiegesha mjini hata mvua ya kutwa, kavu. Nikiegesha nyumbani kwenye mteremko, asubuhi nakamua kapeti. Nimeshabadilisha raba.

Fundi_bodi_Mwembe_Tayari
Nyumbani pua inatazama juu au chini?

Mikindani_B15
Chini.

Fundi_bodi_Mwembe_Tayari
Basi maji ya juu ya mfuniko yanakimbilia mbele, kwenye kioo. Angalia raba ya kioo cha nyuma, ukingo wa chini, na ule mfereji ulio karibu na bawaba. Kama kuna majani, toa kwanza. Weka poda leo, usipake kitu.

Mikindani_B15
Majani yalikuwa konzi nzima. Nimetoa, na poda nimeweka pande zote mbili. Wingu limetanda upande wa Kilindini saa hii. Asubuhi nitawaambia.