Msaada: nikiapdeti programu kwa wateja, MSVCP140.dll inatoweka (moduli za .msm)

Mchele_Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na mwingine, maana kuunganisha ndiko kulikonileta hapa.

Nina programu ya stoo ya maduka ya dawa, nimeiandika kwa C++. Kisakinishi natengeneza kwa WiX (zana ya kutengeneza visakinishi vya Windows), inatoka .msi (faili la kusakinisha) ya biti 64. Ili mteja asihangaike na maktaba za Visual C++, nilichomeka humo Microsoft_VC143_CRT_x64.msm, yaani moduli ya maktaba hizo inayounganishwa ndani ya .msi. Toleo la 1.0 lilikaa vizuri maduka yote 11, Mwanza na Geita. Wiki iliyopita nikatoa 1.1. Usakinishaji unafika mwisho bila kosa lolote, mtu akibofya ikoni anaambiwa MSVCP140.dll, mojawapo ya maktaba hizo, haipo. Maduka 7 yamelala, 4 yanadunda. Kwenye laptopu yangu haina shida, kwa hiyo ugonjwa wenyewe siuoni.

Kituko ni kwamba ukienda Control Panel ukabonyeza Repair, inapona. Nimeongea na watu wa kaunta mpaka sauti imekauka: "dada, bonyeza Repair, hapana, si Remove." Mmoja akabonyeza Remove.

Nimebadili Language ya Merge (mstari wa WiX unaochomeka .msm) kutoka 0 kwenda 1033, wapi. Nimeandika upya Merge na MergeRef, wapi.

jembe_halimtupi
Mkuu mbona rahisi, nakili hiyo DLL kutoka mashine isiyo na shida, watumie WhatsApp, waibandike System32. Kazi kwisha.

Binti_Kodi
Jembe, tafadhali. Programu ni ya biti 64. Mtu akitumiwa ya biti 32 akaiweka System32, kesho mleta uzi anarudi hapa na kosa 0xc000007b, la kuchanganya biti 32 na 64. Halafu watu wa kaunta wazoee kupokea DLL kwa WhatsApp? Siku wakitumiwa ya tapeli je?

Mleta uzi, hiyo Repair inayoponya ndiyo dalili kubwa. Ina maana faili lipo ndani ya .msi yako, ila wakati wa kuapdeti halikuwekwa. Tafuta mashine yenye Windows tupu, weka 1.0, kisha juu yake:

msiexec /i stoo11.msi /l*v logi.txt

Fungua hiyo logi utafute neno "Disallowing".

Mchele_Mbeya
Dada, umejuaje? Nimeikuta: "Disallowing installation of component ... since the same component with higher versioned keyfile exists", yaani imekataa kuweka faili kwa kuwa tayari lipo la toleo la juu. Ila sielewi. Toleo la juu limetoka wapi na mashine ni tupu?

Binti_Kodi
Limetoka kwako. 1.0 uliibildi kwenye mashine ipi, na 1.1 ipi?

Mchele_Mbeya
1.0 kwenye laptopu yangu, Visual Studio 2022 17.8. 1.1 kwenye mashine ya ofisi... ngoja niangalie... 17.4. Lo.

Binti_Kodi
Basi ndiyo hiyo. Laptopu ilitia msm yenye DLL za 14.38, ofisi ikatia za 14.34. Namba ya programu yako imepanda, ya DLL imeshuka.

Sasa ona Windows Installer anavyofanya. Anapiga hesabu yote mwanzoni, kabla hajagusa kitu. Ni kama mpangaji mpya anachungulia chumba, anaona kitanda kilichomo ni kizuri kuliko chake, anaamua chake kibaki stendi. Kumbe kile kitanda ni cha anayehama. Kwa MajorUpgrade ya WiX (mpangilio wa kubadili toleo zima) usipoigusa, toleo la zamani linafutwa mapema, baada tu ya hatua ya ukaguzi iitwayo InstallValidate, na linaondoka na 14.38 yake. Ya 14.34 ilishakataliwa kwenye hesabu. Usiku mpangaji analala chini.

Hayo maduka 4 bila shaka yana programu nyingine iliyoleta maktaba hizo, ndiyo maana DLL imebaki. Laptopu yako ina Visual Studio, kwa hiyo hata ungejaribu mwaka mzima usingeona kitu.

Kipanga
Naongezea. Achana na .msm kabisa. Microsoft wenyewe hawazipendekezi tena, kwenye Visual Studio 2022 mpaka uzichague kwa mkono ndipo zije. Tena ukishaiunganisha ndani ya .msi yako, kirekebisho cha usalama kikitoka ni wewe unayetakiwa kubildi upya na kusambaza. Tumia VC_redist.x64.exe, kisakinishi cha Microsoft cha maktaba hizo, uifunge pamoja na .msi yako kwa Burn (kifungashio cha WiX), swichi ni /install /quiet /norestart, na uweke Permanent="yes" ili mtu akiondoa programu yako asiwavunjie wengine.

Mchele_Mbeya
Nilikwepa hiyo kwa sababu ya bando. Geita vijijini mtu anapakua kwa simu.

Kipanga
Ni kama MB 25, mara moja tu. Wape kwa flashi. Kabla ya kuiita angalia rejista, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\VisualStudio\14.0\VC\Runtimes\x64, kama Installed ni 1 na toleo linatosha, ruka. Ikirudisha 1638 usishtuke, maana yake ipo mpya zaidi. 3010 ni kuwasha upya tu.

jembe_halimtupi
Na akiziweka DLL kwenye folda ya programu yenyewe?

Binti_Kodi
Leo umeongea. Inaruhusiwa, ila mzigo wa kuziapdeti unabaki kwake vilevile.

Mleta uzi, kwa sasa zima moto kwanza: apdeti Visual Studio ya ofisi ifike 17.8 au zaidi, bildi 1.2, hakikisha DLL za ndani hazijashuka chini ya 14.38. Zitazame kwa Orca (zana ya kutazama ndani ya .msi) kwenye jedwali la File, safu ya Version, usiamini jina la .msm maana jina halibadiliki. Habari ya Burn ifuate ukishapumua.

Mchele_Mbeya
Mrejesho, siku tatu baadaye. 1.2 imetoka ofisini, Orca inaonyesha 14.38. Nimeipitisha kwenye Windows tupu juu ya 1.0, na nyingine juu ya 1.1 iliyovunjika, zote zimefunguka. Maduka 6 kati ya yale 7 yamerudi hewani bila mtu kubonyeza Repair. La saba mashine haiwaki kabisa, ila hiyo wameniambia ni umeme, safari hii si mimi.

Yule aliyebonyeza Remove ananiuliza takwimu zake za Machi ziko wapi. Nafungua uzi mwingine.