Kozi ya miezi sita, diploma, au nijifungie ndani na YouTube? Jibu linatakiwa kabla ya Jumatatu

Dogo wa Tabata: Habari za jioni wakuu. Nataka kuingia rasmi kwenye mosheni grafiki, zile nembo na maandishi yanayocheza kwenye matangazo. Njia ninazoziona ni tatu: kozi ya miezi sita maeneo ya Mwenge, diploma ya miaka miwili, au nijifunze nyumbani. Anayelipa ni mjomba na anataka jibu Jumatatu. Ipi inalipa?

Chuma Chakavu: Umekuja kama mgonjwa anayesema "naumwa" halafu ananyamaza. Bajeti ngapi? Mashine gani? Kuchora unajua? Hiyo kozi wanafundishia programu gani?

MzeeWaFremu: Dogo shika Blender, programu ya kutengenezea picha zinazocheza, habari iishe. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2002, na ina Grease Pencil ya kuchorea katuni humohumo. Adobe, wenye After Effects ya mosheni grafiki, tangu 2013 walihamia kwenye kukodisha programu zao. Usipolipa, kazi zako mwenyewe huzifungui.

Bint Temeke: Mzee na Blender yake kila uzi! Mimi faili ninazopewa na studio nimalizie ni za After Effects. Niwaambie wasubiri nihamishe?

MzeeWaFremu: Na wewe hiyo yako unaikodi au imechakachuliwa?

Bint Temeke: Hayo tuyaache.

Kipepeo: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; mimi ung'ongo wangu ni tangazo la kozi fupi. Chuo sikitaji. Nililipa laki tisa kwa miezi minne. Tulikuwa kumi na saba, kompyuta zinazowaka sita, moja ya mwalimu. Siku ya kwanza akatufungulia templeti: badilisha jina, badilisha rangi, toa video. Siku ya pili hivyohivyo, mpaka mwisho. Umeme ukikatika tunahamia kwa mama ntilie, na siku hiyo inahesabiwa tumefundishwa. Nikatoka na cheti chenye muhuri mkubwa kuliko ujuzi wangu.

Nikaitwa usaili kwenye studio moja. Yule dada cheti hata hakukigusa. Akafungua ukurasa mtupu, akasema: "Nidundishie mpira." Nikauweka juu, nikauweka chini, ukawa unapanda na kushuka kama lifti. Akauliza mbona hauna uzito. Jasho. Nyumbani nikaanza upya peke yangu: ukishuka uzidishe mwendo, ukikaribia kileleni upunguze, ukigonga sakafu ubonyee kidogo. Fremu 25 kwa sekunde, nahesabu mojamoja. Wiki tatu mpira tu.

Chuma Chakavu: Pole dada. Hukukagua NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi, kama kimesajiliwa?

Kipepeo: Kilisajiliwa vizuri tu, kaka.

Bint Temeke: Ila diploma msiidharau. Ukiomba kazi serikalini, karatasi ndiyo inaangaliwa kwanza. Mpira wako hawatauona.

Shemeji wa Kamati: Mnabishana vyuo, hela ziko ukumbini. Mimi nachezesha majina ya maharusi kwenye skrini, send-off mpaka harusi. Kasoro moja: kamati inaomba punguzo, halafu saa kumi na moja jioni siku yenyewe wanagundua jina la bibi harusi limekosewa. Na waliloandika ni wao.

Kipepeo: 😂 Na wanataka lirekebishwe bure.

Dogo wa Tabata: Samahani wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Mjomba anatoa 1,600,000, haongezi. Kozi ni 1,200,000, wanafundisha After Effects. Kuchora sijui. Laptopu ni RAM (ile kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 4.

Chuma Chakavu: RAM 4! Ungeanza na hilo. After Effects kima cha chini ni 16. Utafundishwa mchana, usiku mazoezi ufanyie kwenye daftari?

MzeeWaFremu: Hata Blender itakusumbua hapo, nakiri. Nunua mashine kwanza.

Bint Temeke: Mjomba ametoa hela ya ada, mzee. Akisikia imenunua laptopu?

Fundi Kariakoo: Ninazo RAM mbili za 8, DDR4, safi. Njoo PM.

Kipepeo: Muulize kwanza laptopu yake ni aina gani. Nyingine RAM imechomelewa kabisa kwenye bodi, huiongezi.

Dogo wa Tabata: Nimefungua kifuniko cha nyuma hapa, sioni pa kuchomeka kitu. Na kuna skrubu moja imebaki mkononi.

Chuma Chakavu: Weka picha. Usiguse kingine.